Mapacha ba Redio

Ulisha kunusa betri ya redio yenye imeshinda juani? Ndiyo, betri! Zamani hapa Nakivale, kambi yetu ya bakimbizi, betri ikichoka hatukuitupa. Tuliipanga juu ya bati asubuhi, ipate moto, inuke kama chuma na dawa, kisha ituimbie nyimbo mbili tatu tena. Hata leo nikipita kwa fundi wa redio pale Rwekubo, ile harufu inanikamata na miguu inataka kucheza. Na mimi niko na bajukuu, musiniangalie vile!

Tulikuwa babili, mimi na Riziki, miaka kumi tu. Batu bote banatuita Mapacha ba Redio. Mama alitushonea marinda ya kitenge kimoja. Redio chini, mimi kushoto, yeye kuume, shingo inageuka pamoja kama ya kuku. Tulianza kwa ubatizo ya jirani, kisha ndoa, kisha soko ya Rwekubo, batu banapanda juu ya magunia ya mahindi juu batuone. Nilitembea nimetanua mabega mpaka Mama akasema nitavunja mulango.

Lakini hatukuwa mapacha. Mama ya Riziki alikufia njiani wakati tunatoka Kongo. Siku ya kuandikwa kambini, karani alikuwa anaweka batoto ba bila bazazi pembeni, fasi yabo peke yabo. Mama akaona Riziki anasukumwa kule. Akamukamata mukono, akasema bila kupepesa jicho: "Hawa ni mapacha yangu." Karani akaandika. Njo vile nilipata pacha.

Siku moja habari ikakuya kutoka Mbarara. Bibi ya soda mumoja, askari wa jeshi, amezaa mapacha, anataka mapacha ba kucheza kwa sikukuu yake. Tukapanda lori ya mahindi mpaka kambi ya basoda. Wee! Ngoma, nyama, batu mingi. Mama alinunua betri mupya kabisa, tukacheza mpaka basoda banapiga filimbi.

Tukamaliza, yule mama akatukalisha kwa mukeka. Kule banamuita Nalongo, njo heshima ya mama ya mapacha. Akatuwekea batoto mapajani, kila mumoja wake, badogo kama mikate. Kwabo, akasema, mapacha bakubwa njo banabapaka maji bachanga, na mwenye alitangulia kuzaliwa njo anaanza.

"Nyinyi, mukubwa iko nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," Riziki akasema, mara moja na mimi.

Batu bakacheka. Nalongo hakucheka. "Mapacha hapana chezea! Kama mudogo inaanza, hii watoto yangu inaweza kufa. Nani alitangulia?"

Nilimuona Mama kule nyuma, mukono kwa mudomo. Riziki akanibana kidole chini ya shuka ya mutoto. Tulijua sisi bote: ikijulikana, anarudishwa pembeni kwa karani. Mutoto alikuwa na joto mapajani yangu, anapumua haraka haraka. Nikafungua mudomo niseme tena "mimi", na Mama akalia:

"Musibapake! Mimi nilizaa mumoja. Yule mwingine nilimuokota njiani."

Nalongo akatunyang'anya batoto bake. "Toka! Toka hapa!" Tukatoka hatujakula, redio juu ya kichwa ya Mama. Habari ikafika Nakivale mbele yetu. "Mapacha ba uongo!" batoto banatuimbia, na ile shingo yetu ya kuku banaigeuza. Hakuna ndoa ilituita tena.

Hiyo haikuniuma kama kungojea karani. Kila motokari ikipita, Riziki anaingia chini ya kitanda. Siku nane. Ya nane karani akakuya kweli, na kitabu yake. Mama hakumuficha Riziki. Alimukalisha mapajani, mutoto mukubwa vile, miguu inagusa chini, akasema: "Sasa andika kweli. Lakini umuandike hapa."

Karani akamuuliza Riziki anataka kukaa na nani. Riziki alishika kitenge ya Mama mpaka ikapasuka. Karani akaangalia ile kitenge, akaandika: hapa.

Nilimukasirikia Mama miaka mingi. Neno moja tu angenyamaza, tungecheza mpaka Kampala! Mpaka nikabeba batoto bangu njo nikaelewa. Mama alidanganya karani vizuri, na angemudanganya tena kesho. Lakini batoto bachanga, mama yabo anatetemeka pale juu yabo, hapana, alishindwa. Akaweka Riziki wetu hatarini juu ya batoto ba mwanamuke hakumujua hata jina.

Jana nilimuelezea mujukuu wangu Neema, wa miaka tisa, juu alikuwa ananisumbua: Koko Riziki, mwenye anakaa kule Nyamitanga, ni ndugu yako ya kweli ao ya mudomo? Alisikiliza, akakuna mukono, akaniapia: "Koko, shuleni tukiandika ukoo, nitamuandika Koko Riziki karibu na wewe. Na mwalimu akimufuta, namuandika tena."