Kurudi Pamoja

Tulikuwa wanne kwenye chumba cha fundi wa kompyuta, hapa mjini Nyabiondo: fundi mwenyewe, katekista, mama mmoja mkulima wa maharage, na mimi. Mama alitaka kupeleka kompyuta yake kuukuu kijijini Kibua, ili baba yake mgonjwa, asiyeona vizuri kwenye simu, amtazame marehemu mkewe akiimba kwaya. Lakini video ilikuwa ikikwamakwama.

"Disiki ilijaa," fundi alisema. "Vipande vya video vilitawanyika, mashine inavitafuta kila pembe. Nitatoa faili zote, nifute disiki, nizirudishe moja moja. Vipande vya kila moja vitalala pamoja."

Katekista akauliza, "Si ukopie tu disiki yote vile iko?"

"Hapana, Papa. Ile inarudisha na mutawanyiko wake."

Mama alikunja mikono. "Sisi tulikimbia vita, tukarudi kila mutu na kilima yake. Faili ndio ziko na bahati."

Tulicheka kidogo, tukiangalia chini. Jioni marehemu aliimba wimbo mzima bila kukwama. Wakubwa wanaoahidi kuturudisha makwetu wangepita kwanza kwa fundi huyu.

Kesho yake mama alipanda pikipiki. Baba yake alifariki kabla hajafika.