Mama Alipoingia Mieleka ya Kisimani

Enzi za Mdachi, kabla Mwingereza hajaja, sisi maji tuliyafukua. Ninyi wenzangu mliobaki, wenye meno mawili matatu kama mimi, mnajua ninachosema. Mto wetu, huko upande wa Makutupora ambako siku hizi wanapanda zabibu, ulikuwa mto wa mchanga. Masika ulipita siku chache kwa kelele, kisha ukakauka, na sisi tukachimba. Mtu mzima alizama shimoni mpaka kifuani ndipo mchanga ukaanza kulowa. Halafu unakaa na kibuyu chako, unangoja maji yajikusanye. Wajukuu nikiwaambia haya wananitazama kama bibi amekunywa kitu.

Shule sikusoma, niliswaga ndama. Kuandika nimejifunza uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mkiona herufi nyingine zimelala chali, zisameheni, zina umri wangu. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo tukawatia pembe za miiba. Tulikula ugali wa uwele na mlenda mpaka vidole vikateleza. Tulilala ndani ya tembe pamoja na ndama, na ile harufu yao ya maziwa na mavi hata leo nikiisikia napata usingizi. Mama alikuwa akisema, "Anayelala na ndama haulizi blanketi." Na kweli, blanketi lenyewe tungeliuliza wapi?

Lakini leo nataka kueleza ile mieleka.

Kisima cha mifugo kilikuwa kimoja, na tembe zilikuwa kama ishirini. Aliyetangulia kunywesha alipata maji meupe asubuhi. Wa mwisho alipata tope jua likizama, na fisi wakamsindikiza nyumbani. Zamani watu waligombea zamu kwa fimbo. Siku moja wakapasuana vichwa, habari zikafika boma, na jumbe wetu akarudi kutoka huko anatembea kama mtu aliyekalia siafu, maana alikuwa amekula viboko hamsa ishirini. Akasema, "Fimbo kisimani mwisho. Sitapigwa tena kwa ajili ya ng'ombe zenu."

Wazee wakakaa, wakatoa shauri. Kila mwaka, uwele ukishaingia ghalani, kila tembe itoe mtu mmoja. Wote wataingia kwa pamoja ndani ya duara la majivu, pale pale kwenye mchanga wa mto, mikono mitupu. Mgongo ukigusa mchanga, umetoka. Unyayo ukivuka majivu, umetoka. Anayebaki peke yake, ng'ombe wake watatangulia kunywa kiangazi kizima, na wengine watamfuata kwa kadiri walivyochelewa kutoka.

Baba yangu hakuwepo. Alikuwa amekwenda kujenga reli ya Mdachi, na salamu zake zilikuja mara moja tu, kwa mdomo wa mpita njia. Mwaka uliotangulia hatukuwa na wa kuingia duarani, tukawekwa wa mwisho. Katika ng'ombe wetu watatu alibaki mmoja, Mawele, naye alikuwa na mimba. Mdogo wangu wa kiume alikuwa hajaanza kutambaa, na matiti ya mama yalikuwa yamekauka. Tukimpata ndama, tutapata maziwa. Mawele akinyweshwa tope kiangazi kingine, hatafika kuzaa. Na baada ya Mawele nani angefuata, hakuna aliyelitamka, lakini mama alikuwa akimtazama yule mtoto nami namwona anavyomtazama.

Siku ilipofika, watu walijaa kingo zote mbili za mto. Jumbe aliita tembe moja moja, na wanaume wakaingia duarani wakijipiga vifua. Alipoitwa Mzee Mbogoni, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, aliingia mwanawe Ndahani. Huyo alikuwa ameshinda miaka miwili mfululizo. Shingo yake ilikuwa nene kama kinu. Na ndiye aliyemwoa dada yangu mkubwa, Nyemo.

Hapo tuelewane, maana vijana hawajui. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Mama akipita njia hii, mkwe anashika porini. Hawali pamoja, hawagusani, hawasemeshani. Likiwepo neno la lazima, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wamesimama hatua mbili.

Jumbe akafika kwetu. Hakutoka mtu. Mzee Mbogoni akacheka, "Ruka hapo, jumbe. Kwa Mama Nyemo kumebaki kuku na wasichana."

Mama akanibebesha mdogo wangu mgongoni, akakaza kaniki yake kiunoni, akateremka mchangani.

"Wewe mama, unakwenda wapi?" jumbe akauliza.

"Naingia."

"Hii mieleka ni ya wanaume."

"Mlisema kila tembe itoe mtu. Mimi si mtu?"

Jumbe akawatazama wazee, wazee wakatazama mchanga. Mmoja akasema, "Mwache aingie, ila akianguka asilie."

"Nikianguka nitainuka," mama akamjibu. "Wewe ndiye usianguke, magoti yako yanajulikana."

Watu wakacheka, na alipocheka jumbe mwenyewe, ikawa ameruhusu. Mama akaruka majivu. Ndahani alimwona, kichwa kikamwanguka kifuani, akageuka akampa mgongo.

Ngoma ikapigwa. Sijaona tena vurugu kama ile maishani mwangu, na nimeishi. Wanaume ishirini wakavamiana kama ng'ombe waliosikia harufu ya maji. Huyu kamshika yule mguu, yule kamng'ang'ania mwingine masikio. Mchanga ulipanda mpaka tukaona vichwa bila miili. Watu wawili ndugu, tumbo moja, waliooa tembe mbalimbali, waliangushana wenyewe kwanza kwa ajili ya mbuzi aliyewakosanisha siku nyingi. Mwingine nguo ilimponyoka, akatoka duarani mbio kabla hajaguswa.

Mama alisimama karibu na majivu. Wengi walimwogopa, maana ukimwangusha mwanamke wa mtu utasimulia nini nyumbani? Mmoja alijitia ujasiri akaja amenyoosha mikono. Mama alikuwa akitwanga uwele tangu ana umri wangu wa siku zile. Alimdaka kiunoni, akamzungusha, akamweka chini polepole kama anavyoweka mtungi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia.

Na Ndahani, je? Alipigana mieleka yote kinyumenyume. Mama akisogea huku, yeye anageuka kule, na aliyemshika anageuzwa naye. Alimwangusha mtu wa saba, wa nane, wote bila kutazama upande wa mama. Vumbi lilipotulia, walikuwa wamesimama wawili tu: mama yangu na mkwe wake, amempa mgongo.

Vigelegele vikakatika.

"Mtoe!" Mzee Mbogoni alipiga kelele. "Fumba macho umsukume!"

Ndahani alijifunika uso kwa mikono. Mama akapiga hatua moja kumwendea, yeye akasogea mbele hatua moja. Mama akapiga nyingine, naye akasogea nyingine. Wakaenda hivyo mpaka vidole vya Ndahani vikabakiza shubiri moja kufika kwenye majivu, naye amejifunika, haoni.

Mama akasimama. Akageuka kunitazama mimi ukingoni, nimembeba mdogo wangu. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama ananituma chumvi, "Binti, mwambie mwenzio kuwa mbele yake kuna mstari."

Ningewezaje kusahau? Mdogo wangu alianza kulia mgongoni, kilio chembamba, cha mtoto aliyelia sana asubuhi. Nikasema, "Shemeji, mama anasema mbele yako kuna mstari."

Ndahani alisikiliza. Sijui kama alinisikiliza mimi au yule mtoto. Kisha akasema, "Mwambie mama nimeuona."

Akapiga hatua, akavuka.

Mzee Mbogoni aligomba mpaka jua likaelemea magharibi, akisema mieleka ya kumtoa mtu kwa sababu ya ukwe haijapata kuonekana. Jumbe akamwambia, "Unyayo umevuka. Au unataka nikapigwe tena bomani?" Yakaisha.

Kesho yake Mawele alikunywa wa kwanza. Alikunywa akapumua, akanywa tena, na mama akakaa juu ya mchanga akalia, yeye ambaye hakulia duarani. Ng'ombe wa Mzee Mbogoni wakanywa wa pili, hawakufa hata mmoja. Mvua zilipoanza Mawele akazaa. Maziwa ya kwanza kugandishwa mama aliyatia katika kibuyu akanituma kwa Ndahani, bila neno. Na mwaka uliofuata wazee wakatangaza kuwa tembe ambayo mwanamume wake hayupo itanywesha kwanza, bila mieleka. Walidai ni huruma. Mimi nasema waliogopa mama wakwe wote wasije wakateremka mtoni.

Yule mdogo wangu sasa ni babu, ana kitambi.

Siku hizi kijijini tuna bomba na foleni ya ndoo. Hakuna mieleka, vijana wenyewe wamevaa suruali za bugaluu, wakianguka nani atazifua? Na wakwe ndiyo usiseme. Juzi nimemwona mume wa mjukuu wangu anampa mama mkwe wake mkono, macho kwa macho, "Mama, habari za asubuhi," kama wamesoma darasa moja. Nikaguna. Kisha nikaona amechukua ndoo ya mkwewe, akaiweka mbele ya ndoo yake, ikajazwa kwanza. Akaja akaichukua na yangu.

Nilikuwa nimekaa na kitukuu changu. Nikamwambia, "Mwambie huyo bwana nimemwona."

Yule kijana akacheka, "Bibi, si uniambie mwenyewe, nipo hapa."

Hawajui hata kusemeshwa, watoto hawa. Lakini ndoo yangu ilikuwa imejaa, na maji yalikuwa meupe.