Mtoto Ashuke Mwenyewe

Wiki iliyopita mlinzi wa ofisi yetu aliingia kutoka mvuani, akavua koti lake zito na kulitundika nyuma ya mlango wangu. Harufu ikanijia palepale: sufu iliyolowa, moshi wa kuni, na udongo mwekundu unaoanza kukauka. Nikaacha kuandika. Sisi watu wazima tunajidai hatuogopi kitu, lakini harufu hiyo bado inanitisha, na ningewadanganya nikisema nimeizoea.

Kwetu, mtaani Cimpunda, nyumba zimebanana mlimani hivi kwamba jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani. Tuliishi papa, maman, mimi, na koko, yaani bibi yangu mzaa papa. Papa alichimba dhahabu Shabunda pamoja na mdogo wake, niliyemwita Papa Mudogo. Walikuwa na koti moja la sufu, nalo lilikuwa na utaratibu wake: anayeshuka shimoni anamwachia anayebaki juu. Papa alitueleza hayo akicheka, akisema koti hilo halijawahi kuona chini ya ardhi.

Kila alipotaka kusafiri, mzigo ukishafungwa, alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango na kunipakata. Alinipakata mpaka nishuke kwa hiari yangu, maana koko alikataza mtoto kushushwa. Kukumbatia alikudharau waziwazi.

“Kukumbatia, watu wanasimama,” alisema siku moja akichambua maharage. “Kila mutu miguu yake iko tayari kwenda. Sasa ule mwenye kupakata, ataenda wapi? Muache mutoto ashuke mwenyewe.”

Sheria hiyo niliitumia vibaya bila aibu. Safari moja nilikaa mapajani mwa papa mpaka lori likamwacha. Maman alinuna siku nzima. Papa alicheka tu, akalala nyumbani, akaondoka kesho yake.

Asubuhi ninayoisema nilikuwa na miaka minane, nimevaa sare ya shule, na wasichana wawili wa darasa langu walikuwa wakinisubiri mlangoni. Papa akakaa, akapigapiga mapaja yake.

“Kuya, mama,” akaniita; kwetu binti hubembelezwa kwa jina hilo.

Wale wasichana wakaanza kuchekeana. Uso ukaniwaka.

“Mi niko mukubwa, papa.”

Alinitazama kidogo. Kisha akasimama, akanikumbatia haraka, kama watu wanavyoagana mbele ya kanisa baada ya misa, akabeba mzigo wake. Koko alikuwa jikoni, hakuona. Nilifurahi kwamba hakuona.

Ikapita miezi. Mchana mmoja nilitoka shuleni mvua ikipiga kweli kweli. Koko alikuwa ameenda Mumosho kwa ndugu zake, maman yuko sokoni, lakini mlango wetu ulikuwa wazi. Kwenye kiti cha papa niliona koti, kola imesimamishwa mpaka masikioni. Yesu wangu, furaha niliyoipata! Sikusalimu. Nilitupa mkoba, nikapanda mapajani, nikafukia uso kwenye ile sufu iliyolowa, nikijiambia kwamba leo sishuki mpaka kesho.

Mikono ikanizunguka. Nikaitazama, na kidole kimoja kilikuwa hakina ncha. Papa alikuwa na vidole vyote. Mwenye kidole kile alikuwa Papa Mudogo.

“Papa iko wapi?”

“Kaa kwanza, mama,” alisema. “Kaa kwanza.”

Nikakaa. Matone yalianza kuniangukia kichwani, na sikushangaa, kwa sababu bati letu lilivuja sehemu nyingi kuliko ambazo halikuvuja. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikakatika. Nikasikia kandambili za maman zikipanda ngazi za udongo. Alisimama mlangoni na beseni lake la mboga kichwani, akaliangalia koti, akamwangalia aliyelivaa. Beseni likaanguka, na maman naye akakaa chini palepale, katikati ya mboga.

Aliyebaki juu ndiye aliyekuwa na koti. Maman alielewa kabla hajaambiwa. Mimi nilielewa usiku, waombolezaji walipojaa nyumbani. Mlima ulikuwa umemfunika papa, na hatukuletewa hata kiatu cha kuzika.

Kwa miaka mingi sikuweza kupita karibu na kile kiti bila kuhisi kuna mtu amekaa, anapigapiga mapaja, ananingoja. Nilipiga hesabu yangu kimya kimya: ningepanda asubuhi ile, lori lingemwacha tena. Nilijiona mimi ndiye niliyempa ruhusa ya kwenda kufa, kisa wasichana wawili ambao hata majina yao nimesahau. Sikumwambia maman. Koko alizikwa bila kujua.

Mwaka jana Papa Mudogo akaugua, nikaenda kumwona. Sijui nini kilinifungua mdomo. Nilimweleza yote, nikilia kama mtoto, na mwishowe nikamwomba radhi kwa kumkalia siku ile, yeye aliyekuwa amechoka, amelowa, na ana habari ya kubeba.

Alivuta shuka lake, akanigeukia.

“Miye nilikuya kwa kusema ile neno na kukimbia,” alisema. “Nilisema sitaweza kuona macho ya mama yako. Nilikaa tu kidogo. Nilitaka kusimama, niende, wasinione tena. Halafu weye ukapanda.”

Akanishika mkono kwa kile kidole kifupi.

“Si miye nilikupakata, mama. Weye njo ulinipakata.”

Maneno hayo hayakulifuta lile lori. Bado nalisikia asubuhi nyingine likiwashwa, na bado naliacha liende. Lakini siku ile Papa Mudogo alisinzia akiwa ameshika mkono wangu. Simu ililia, ofisini walikuwa wananisubiri. Nikaizima, nikakaa, mpaka aliponiachia mwenyewe.