Nilivyomuita Silasi mwizi

Nisikilizeni niseme aibu yangu. Mwanangu Fostini alipotea ziwani, hapa Nyamyumba, na boti yake ya chuma. Hatukupata mwili wala boti. Kisha mujukuu wangu Beata, mwenye anasomea namna mawimbi yanavyopotosha picha za radar, akaleta picha ya radar ya ziwa letu, iliyopigwa na satelaiti kesho yake baada ya Fostini kupotea. Nikaona alama nyeupe, boti kabisa, juu ya shamba la mihogo la Silasi, mvuvi mwenzake na Fostini.

Sikungoja Beata anieleze. Nikaita Konsolata na Veneranda, jirani zangu, tukasimama mlangoni kwa Silasi.

"We Silasi, we mwizi! Umeficha boti ya mutoto wangu ndani ya mihogo!"

Beata akafika anahema. "Nyogokuru, bibi yangu, acha! Kitu chenye kinatembea, radar haikichori pale kiko, inakisogeza pembeni. Na mawimbi ikizidi kidogo, makosa inazidi sana. Iyi boti ilikuwa ndani ya maji, inakimbia."

Silasi akaangalia picha, akavua kofia.

"Ni boti yangu, Mama Fostini. Iyo siku ya picha nilikuwa ziwani, namutafuta."