Nati Niliyoikaza Musanda

Niliondoka Navakholo Jumatano asubuhi kwa sababu mtu alikuwa amefukuzwa kazi kwa kosa langu. Mama Mariamu wa Musanda, ambaye wiki iliyotangulia nilimtilia grisi magurudumu ya trela lake la miwa, alinipigia simu kunipa pole. Gurudumu limekwama barabarani, alisema. Dereva wake Shikuku hakulikagua, na amemwachisha kazi. "Kazi yako nzuri ameiharibu." Nikajibu, "Pole, mama." Hilo tu. Siku mbili zikapita.

Ukweli ni huu. Ufundi nimejifundisha mwenyewe kwa video za simu, na siwezi kuvumilia kitu kinachocheza. Siku ile niliosha beringi kwa mafuta ya taa, nikazipaka grisi mpya, nikakaza nati ya ekseli hadi gurudumu likakataa kutikisika hata kidogo. Nililitazama kwa fahari. Shikuku aliniambia kwamba akienda mwendo mfupi atasimama aiguse habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa nyuma ya mkono, asikie joto lake, kama madereva wa miwa wafanyavyo. Nilimwambia kazi yangu haipimwi kwa mkono. "Basi fundi, wewe ndiye unajua," akasema. Akanitii.

Saa tatu nilifika Mumias kwa bodaboda, vumbi la murram limenijaa hadi kwenye meno. Nilinunua beringi mpya, nikapanda pikipiki nyingine. Kila trekta tuliyopishana nayo nilitazama magurudumu, nikifanya mazoezi ya maneno ya kumwambia Mama Mariamu. Kila sentensi niliyotunga ilikuwa na "lakini" ndani yake.

Musanda, saa nne na nusu. Nilipiga hodi kwa Mama Mariamu, kwa salamu ya kwao.

"Waaleikumu salaam! Fundi, karibu chai kwanza."

Niliomba nifungue gurudumu kwanza. Beringi ilikuwa imegeuka rangi ya buluu kwa joto, grisi imeungua ikawa kama masizi. Mama Mariamu aliinama akatazama.

"Hii ni nini?"

"Ni mimi, mama. Nilikaza kupita kiasi. Shikuku alitaka kukagua, nikamkataza."

Akauliza, "Juzi kwa simu hukuwa na mdomo?"

"Nilikuwa nao."

"Basi upeleke kwake. Twende."

Tulimkuta Shikuku akipalilia mahindi na mkewe. Nilisema yote, bila ile "lakini". Mkewe alimgeukia. "Si ulituambia huyu ni mtaalamu?"

Shikuku hakuniangalia. "Miaka yote nilishikanga habu. Siku moja nimemheshimu kijana, nimefukuzwa."

Mama Mariamu alimwomba msamaha mbele yetu, akamnyooshea ufunguo wa trekta. Shikuku alimaliza mstari wake wa mahindi kwanza, ndipo akaupokea.

Mchana tulifunga beringi mpya pamoja. Nilipoegemea spana, Shikuku alinishika mkono.

"Unataka kuiua beringi tena? Zungusha gurudumu ukikaza. Likiwa zito, rudisha nati kidogo. Sasa tikisa."

Lilicheza, kidogo sana. Vidole vyangu viliwashwa kutaka kukaza tena.

"Huo mchezo uache," alisema. "Chuma kikipata moto kinafuranga. Kitaenda wapi?"

Nikatia pini ya kuzuia nati isifunguke. Shikuku aliwasha trekta akaondoka bila kuniaga. Alikuwa na haki.

Saa kumi, nikirudi, nilimsimamisha mwenye pikipiki kabla ya Mumias. Kuna trela jingine, huko Mautuma, nililolikaza mwezi huo huo kwa mkono ule ule. Nilidhani nimekwenda Musanda kujifunza kulegeza nati. Nililojifunza ni kwamba kimya changu kilimuumiza Shikuku kuliko spana yangu. Nilimpigia simu mwenye trela nikiwa nimesimama kando ya miwa.

"Mzee, usilitoe hilo trela."

"Kwani lina nini? Si ulisema liko sawa kabisa?"

"Nilisema hivyo," nikamjibu. "Nilikosea."