Mshale wa Joto wa Gari la Baba

Enzi zetu pale Mvumi gari halikununuliwa. Lilizaliwa uani, na mimba yake ilichukua miaka mitatu. La kwetu baba alilikusanya kipande kipande: chasisi ya gari lililokufa, injini ya lingine, bodi ya bati aliyoigonga mwenyewe mpaka kuku wetu wakasahau kutaga. Sisi watoto tulicheza rede kulizunguka, na shuleni nilitangaza kwamba kwetu tunaunda ndege.

Babu mzaa mama, aliyekaa Mlali, alipopata habari alituma ujumbe: "Mwambieni mkwe wangu, binti yangu asipandishwe kwenye debe." Tangu siku hiyo baba alikuwa na jambo moja tu moyoni: kumfikisha mama kwao kwa gari lile, tena bila kuvutwa na mtu.

Kilichomsumbua zaidi ni geji, zile saa za mishale mbele ya dereva. Zilitoka kwenye magari matano tofauti, hazikuelewana hata kwa ukubwa. Sensa ya joto, kidude kama nati chenye mkia wa waya kinachoiambia geji injini ina joto gani, aliijaribu ndani ya sufuria ya mama. Maji yanachemka, nyaya zimefika kwenye betri, na mimi Yudita nimechuchumaa mbele ya geji nikipiga kelele, "Baba, mshale unapanda!" Mama kasimama na unga mkononi. "Baba Yudita, chuma chako kikiiva niambie, watu wana njaa." Ugali wa siku ile ulinukia grisi. Tulikula, tukagombania ukoko.

Alipoifunga sensa kwenye injini, ikavuja tone moja. Mliokulia Dodoma mnajua, tone la maji kwetu ni mtu wa familia. Tuliyafuata kwa punda, tukayaogea kwa kikombe, tuliyoogea tukamwagilia mchicha. Baba angestahimili vipi? Akakata tyubu ya baiskeli, akaiviringishia sensa raundi saba, akakaza mpaka spana ikalia. Haikutoa tena hata jasho.

Siku ya safari mama alivaa kitenge kipya. Mimi nikapewa kazi ya kusoma geji.

"Mshale?" baba anauliza kila kijiji.

"Umelala, baba!"

"Mnaona? Injini imetulia kama maji ya mtungini!"

Tulipoanza kupanda vilima vya kuelekea Mlali, mama akainua miguu. "Baba Yudita, naungua."

"Mshale umelala, Mama Yudita."

"Basi mshale una bahati. Miye naungua."

Hata hakuwahi kufunga mdomo. Boneti ikapiga mluzi, mvuke ukatufunika tusionane. Baba akaketi kwenye vumbi, kofia mkononi. "Tutafute wa kutuvuta," akasema polepole. Sijawahi kuisikia tena sauti ile, na sitaki.

Mama akaketi kando yake na kitenge chake kipya. "Mbona kwenye sufuria mshale ulipanda?"

"Kule niliifunga waya wa kwenda betri. Huku inagusa chuma cha injini, umeme unapita..." Akajishika kichwa. "Haigusi! Nimeivalisha sweta la mpira!" Akacheka mpaka machozi, na sisi tukacheka ingawa sikuelewa kitu. Nilikuja kuelewa ukubwani, kwenye masomo ya jioni, mwalimu alipochora saketi ubaoni; nikacheka peke yangu, darasa zima likageuka.

Injini ilipopoa, baba aliuondoa mpira wote. Sensa ikavuja, mama akaongeza maji ya dumu, na mshale ukapanda. Kila ulipofika juu tulisimama kupumzika. Punda walitupita, nadhani hata konokono mmoja. Lakini tulifika, jioni, bila kamba.

Babu alilizunguka gari mara mbili. Akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha mama. "Haya mkwe, mshale huu unasemaje?" Baba akaeleza mpaka chakula kikapoa. Mama alisimama mlangoni akiwatazama, hakutaka kuwaita.

Siku hizi vijana wa gereji wanachomeka simu, simu inataja sensa mbovu, wanabadilisha kabla sijamaliza kuwasalimia. Shikamoo yenyewe wanaiambia skrini! Sibishi, kazi wanaijua. Gari langu linanifikisha Mlali chai ikiwa bado ya moto kwenye chupa, halisimami popote. Nikifika napiga honi, na hakuna anayetoka nje kuangalia nimefikaje.