Dakika za Salamu

Siku za joto kali, upepo wa kusini unapoingia Sydney jioni, mji mzima unashusha pumzi. Watu wanafungua madirisha, wanatoa viti nje, wanasema afadhali. Mtaani kwetu Granville, jirani yangu alikuwa anafanya kinyume. Alifunga madirisha yote, akaziba chini ya mlango kwa taulo bichi, kisha akakaa karibu na simu kumsubiri binti yake apige kutoka Toongabbie, kitongoji kingine cha Sydney.

Kusini mwa mtaa wetu kuna kiwanda kinachoyeyusha plastiki kuukuu. Upepo ukitokea huko unaleta harufu kama ya kifuniko cha beseni kilichosahauliwa juu ya jiko. Binti wa jirani ana pumu. Alipolazwa hospitali mara ya pili, mama yake alimpeleka akakae kwa mama yake mdogo Toongabbie, kwa wiki moja tu, mpaka kifua kitulie. Wiki ikawa miezi. Kila jioni mtoto alipiga simu na kuuliza kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku, "Can I come home?" Mama alitoka uani, akanyanyua uso, akanusa hewa, ndipo akajibu.

Mimi nilimwona akinusa hivyo, kupitia uzio. Tulikuwa hatujazoeana. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, mlokole, anafua nguo kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nakaa mapokezi kwenye kliniki. Nikamuuliza ananusa nini, akanieleza yote palepale, tumeegemea mbao za uzio.

Hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua atakwambia. Siku ile zilipanda kwa sababu alichonieleza nilikuwa nakiona kazini bila kukielewa. Kuna siku chumba chetu cha kusubiri kinajaa vikohozi, na kuna siku ni kimya kabisa. Daktari anamuuliza kila mgonjwa kama anafuga paka, kama ukuta una ukungu, kama anadhurika na maua. Anauliza hivyo kwa sababu hana lingine la kuuliza. Kiwanda kinapima moshi wake chenyewe, na majibu yanabaki hukohuko kiwandani.

Ndipo nikapata habari za muswada uliokuwa kwenye bunge la jimbo letu. Ulikuwa mrefu na wa kuchosha, lakini nilipofika kwenye kifungu kimoja nilisimama. Kilisema kwamba moshi wa kiwanda ukizidi kiwango, kliniki za jirani ziarifiwe siku hiyohiyo, na zitajiwe kilichomo. Wenye viwanda waliomba kifungu hicho kifutwe, eti kitawatia watu hofu. Hofu! Mwanamke ananusa upepo kama mbwa wa polisi ili ajue kama mwanawe alale nyumbani, halafu wao wanatuonea huruma tusije tukaogopa.

Nilimweleza jirani yangu, akawaita waumini wenzake na majirani, tukaanza kukutana kwenye ukumbi wa kanisa lao baada ya ibada, mimi na mtandio wangu nikiwa katikati ya walokole. Kikao cha kwanza chote kiliishia kwenye uchaguzi. Tulichagua mwenyekiti, makamu wake, katibu, katibu msaidizi, na mweka hazina ingawa hazina hatukuwa nayo. Mkenya mmoja, dereva wa lori, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Sasa vyeo zimeisha," akasema. "Nani ataongea na hao wasee wa parliament?"

Wote wakamtazama jirani yangu. Yeye akanitazama mimi.

Tukagonga milango. Jumamosi baada ya Jumamosi tulipita nyumba kwa nyumba, kwa Walebanoni, kwa Wanepali, kwa bibi mmoja Mzungu aliyetukatia keki na kutuambia kwamba naye hufunga madirisha. Tuliwaandikia wabunge mpaka wakaanza kutujibu. Mwishowe kamati ya bunge iliyokuwa ikisikiliza maoni ya wananchi ikatuita wawili, mimi na jirani yangu. Kila mmoja alipewa dakika tano.

Tulifanya mazoezi jikoni kwake, mimi nimeshika simu kupima muda.

"Anza na mtoto," nikamwambia. "Usizunguke. Sema mwanangu halali nyumbani."

Akaniangalia kwa masikitiko. "Dada, wale ni watu bakubwa. Miye siwezi kuingia kwa nyumba ya mutu na kuanza tu kulia kifua ya mutoto, sans salamu, bila hata hodi. Watasema sikulelewa."

"Hawatasema. Huku watu hawana muda."

"Basi nitasalimia kidogo."

Kidogo! Nilimwamini, na ningepaswa kujua. Nimehudhuria harusi zao, na nimeshaona mtu aliyepewa kipaza sauti asalimie kidogo.

Siku ya siku tulipanda treni kwenda mjini, yeye amevaa kitenge chake cha Pasaka. Ukumbi ulikuwa na zulia zito na meza iliyopinda, wajumbe upande mmoja na sisi upande wa pili. Tuliambiwa tuzungumze tukiwa tumekaa. Yeye akasimama. Alianza kwa kumshukuru Mungu aliyetufikisha salama. Akamsalimu mwenyekiti, mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Akamsalimu kila mjumbe, akisoma jina lake kwenye kibao kilichokuwa mezani. Kisha akawasalimu wenyeji wa asili wa ardhi ile, maana ameona huku mikutano hufunguliwa hivyo, na desturi hiyo inamgusa sana. Watu wa huku huisema kwa sentensi moja au mbili. Yeye aliwaomba radhi wazee wa ardhi hiyo, walio hai na waliotangulia, kwa kuwa alipofika hakupita kwao kupiga hodi, hakumjua wa kumpigia. Nikavuta pindo la kitenge chake. Akaishukuru nchi kwa kumpokea akiwa mkimbizi. Akamshukuru askari wa mlangoni aliyemshikia mkoba. Nikavuta tena, kwa nguvu zaidi.

Kengele ikalia.

"Thank you," mwenyekiti akasema kwa upole. "Your time is finished, I'm afraid."

"But madam," akasema jirani yangu, "I have not yet started."

Baadhi ya wajumbe walicheka, si kwa ubaya. Yeye akakaa. Akaikunja mikono yake juu ya meza kama mtoto aliyekemewa, na sikuweza kuitazama.

Zamu ikawa yangu. Mbele yangu nilikuwa na kurasa zangu, kila kifungu na hoja yake, kila hoja ya wenye viwanda na jibu lake. Nilikuwa nimezipenda kurasa hizo, sifichi. Nikazigeuza chini juu.

"Madam Chair," nikasema, "dakika zangu nitamuuliza jirani yangu swali moja, na nitatafsiri jibu lake."

Mjumbe mmoja akasema huo si utaratibu, shahidi haulizi shahidi. Nilimjibu kwa sauti ambayo marehemu mama angenifinya kwayo. Nilimwambia mmenipa dakika tano niseme ninachokijua, na ninachokijua kinatoka kwa huyu hapa. Mwenyekiti akatazama saa, akatazama mikono ya jirani yangu.

"Go on," akasema.

Nikamgeukia, nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, jana jioni mtoto alipopiga simu, ulifanya nini?"

Salamu zilikuwa zimeshatolewa na adabu imetimia, kwa hiyo safari hii hakuzunguka hata kidogo.

"Nilitoka inje," akasema. "Nikanusa. Nikamwambia hapana, lala huko. Lakini sikujua. Pengine hewa ilikuwa muzuri. Pengine nilimunyima mutoto nyumba yake bure. Na siku ingine nilimwambia ndiyo, kuja, sinusi kitu, na akaingia hospitali. Miye niko na pua tu. Wao wako na machine. Waseme tu ile machine inaona."

Nilitafsiri neno kwa neno. Nilipofika kwenye pua sauti ikakatika, nikalia mbele ya kamati ya bunge, na sioni aibu kusema hivyo. Nilifuta machozi kwa mtandio nikaanza upya sentensi ileile, kwa sababu nilitaka iandikwe yote kwenye kumbukumbu zao.

Kengele haikulia. Au ililia nami sikuisikia. Nakumbuka mwenyekiti alivua miwani na kuuliza mtoto anaendeleaje sasa. Jirani yangu akasimama tena ili amshukuru vizuri kwa kuuliza, nikamkalisha.

Kamati ilipendekeza kifungu kibaki. Baraza la chini la bunge likaupitisha muswada kikiwamo. Tulipopata habari, kanisani walipiga vigelegele, nami nikapiga vyangu, na mweka hazina wetu akapata kazi ya kwanza ya kununua soda. Lakini baraza la juu bado halijaupitisha, na kule wenye viwanda wanaendelea kuomba kilekile walichokiomba mwanzo.

Juzi jioni nilikuwa jikoni kwake tunaandika maombi ya kuonana na wajumbe wa baraza la juu. Siku ilikuwa ya joto, na upepo ulikuwa ndiyo kwanza unageuka. Simu ikaita. Akaiweka sauti ya juu, mikono yake ikiwa na unga.

"Mum, can I come home?"

Akatoka uani na simu yake. Nikamfuata. Tukasimama wote wawili tumenyanyua nyuso, mapazia ya majirani yakipepea kwenye madirisha yaliyofunguliwa. Nilinusa kwa bidii yangu yote. Nilisikia majani yaliyokatwa, vitunguu vya mtu, na nyuma yake kitu kingine, au labda nilikitegemea tu.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema.

"Hata miye sijui." Akaisogeza simu mdomoni. "Leo hapana, mama. Lala huko."

Mtoto akasema, "But you told them."

"Niliwaambia, mama. Wote, mupaka na askari wa mulango."

"Then tell them again."

Simu ikakatwa. Jirani yangu akabaki ameitazama, unga umeganda kwenye kioo. Tukarudi ndani. Akafunga madirisha, akaloweka taulo, akaliweka chini ya mlango kama kila siku, kisha akavuta kiti na kukaa mbele ya karatasi zetu.

Nikamuuliza safari hii tuombe dakika ngapi.

"Omba kumi," akasema. "Tano ni za salamu."